Maafisa wetu wanaitwa "askari wa mto", na mmoja yuko mbioni kuondoka

Barua

Washauri, habari za kazi?

Mimi ni mratibu wa miradi katika shirika lisilo la kiserikali linalohifadhi mto mmoja unaoshuka kutoka milima ya Uluguru, hapa Morogoro. Tuko wachache: mkurugenzi, mhasibu anayekuja nusu siku, mimi, maafisa uwanda wawili na vijana sita wa kujitolea. "Kujitolea" nasema kwa mazoea tu, maana wanakuja Jumatatu hadi Ijumaa, mimi ndiye ninayewapangia kazi, na kila mwisho wa mwezi wanapokea posho.

Shida ilianza kiangazi kilichopita. Walikuja maafisa wa serikali kukagua ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mto, wakaomba tuwaongoze kwa kuwa sisi tunavijua vichochoro vya huko mtoni. Maafisa uwanda wangu wakapanda nao gari, na mmoja akawashikia tepu ya kupimia. Haukupita muda wenye bustani za mchicha na figili wakapewa barua za kuondoka. Tangu hapo watu wetu wakipita wanaitwa "askari wa mto". Mama aliyekuwa anatutunzia kitalu alileta funguo na ndoo za kumwagilia ofisini, akaziweka mezani, akaondoka.

Jambo la pili ni miti. Masika iliyopita tulipanda miche 10,000 kwa sababu mfadhili alitaka namba hiyo. Mwezi wa kumi afisa uwanda mmoja alipita akakadiria, akaniambia iliyobaki haifiki theluthi. Mkurugenzi anataka tuandike 10,000, kwa hoja kwamba ni kweli tulipanda. Afisa amekataa kutia saini ripoti, na sasa hawasalimiani vizuri.

Tatu, fedha za mradi zinaisha Juni. Nikiulizwa baada ya hapo itakuwaje, sina jibu. Huyo huyo aliyekataa kusaini ameitwa kwenye usaili na kampuni ya ujenzi.

Mkurugenzi anapendekeza tuwapeleke wote semina ya siku mbili ya kutia moyo, kwa kuwa fungu la mafunzo lina salio. Nikubali? Na kijana huyu nimzuieje?

Mratibu, Morogoro

Majibu

Ndugu Mratibu,

Semina acheni. Watu wako hawajapungukiwa moyo, wamebebeshwa kazi tatu zinazogombana. Mnawataka wawe marafiki wa wakulima, kisha wamshikie tepu anayekuja kuwaondoa wakulima hao hao, kisha waweke saini kwenye namba wanayojua haipo shambani. Hotuba za siku mbili hotelini haziwezi kurekebisha hilo. Tenganisheni kazi kwanza. Salio la fungu la mafunzo tutawaonyesha pa kulipeleka.

Tuanze na tepu, kwa sababu ndiyo iliyoharibu mengi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 nayo inalinda vyanzo vya maji, na ndiyo iliyoweka Bodi za Maji za Mabonde. Kusimamia mpaka huo ni kazi ya bodi, wakaguzi wa mazingira na halmashauri. Shirika lenu halina mamlaka hayo, na afadhali lisiwe nayo. Afisa uwanda akionekana mara moja tu ndani ya gari la ukaguzi, wakulima hawatakumbuka nani aliandika barua. Watakumbuka nani alikuwa anavijua vichochoro.

Mkurugenzi aandike barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi zinazosimamia mto, nakala kwa mtendaji wa kata. Iseme mtakachotoa: takwimu za ubora na wingi wa maji, miche, elimu, na taarifa za hali ya kingo kwa jumla. Iseme pia msichotoa: kuongoza msafara wa ukaguzi, kupima mpaka, kushika vifaa vya upimaji, na kutoa majina ya wenye bustani. Hilo la majina lina uzito wa kisheria pia. Orodha ya majina na simu mliyoikusanya wakati wa kugawa miche inaangukia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo isigeuzwe kuwa orodha ya kuondolea watu. Kwenye madaftari ya uwandani andikeni namba ya shamba, si jina, na orodha inayoonyesha namba ipi ni ya nani ikae ofisini kwenye kabati la mhasibu. Na kama fulana zenu ni za kaki au kijani cha jeshi, badilisheni. Inaonekana jambo dogo, lakini mtu anayemwagilia mchicha huona rangi ya nguo kabla hajaona sura.

Hii haina maana mfumbie macho kila kitu. Lori la majitaka likifungua koki mtoni, au mtu akimwaga sumu kuvua samaki, taarifa lazima ipelekwe, siku hiyo hiyo. Tofauti ni nani anaipeleka. Afisa uwanda anaandika saa, mahali na alichokiona, anapiga picha akiwa mbali, anarudi. Barua inasainiwa na mkurugenzi, maana yeye halali kando ya mto na hapiti peke yake kwenye vichaka vile.

Kurudisha imani msianze na mkutano wa hadhara. Mkutano wa hadhara katika hali hii huwa mahakama, na mshtakiwa anajulikana. Anzeni na mama wa kitalu. Nenda wewe na mkurugenzi, nyumbani kwake, jioni, bila gari la shirika kama mnaweza. Maafisa uwanda wasiende, kwa kuwa safari hii si yao kubeba. Mwelezeni kilichotokea kama kilivyotokea: mliombwa kuongoza, mkakubali, hamtakubali tena, na barua mliyoandika ni hii hapa. Kama anawadai hela ya siku alizomwagilia, mwende nayo mkononi. Msimwombe arudi siku hiyo. Baada yake mwenyekiti wa mtaa, halafu wenye bustani kwa vikundi vidogo kufuata vipande vya mto, watu kumi au kumi na watano, pale pale bustanini.

Kuna maneno mawili ya kukwepa kwenye vikao hivyo. La kwanza ni "sisi hatukuhusika", maana waliwaona. La pili ni ahadi yoyote kwamba barua za kuondoka zitafutwa. Haiko mikononi mwenu. Mnachoweza ni kuwasaidia kuuliza kwa maandishi, kupitia jumuiya ya watumia maji kama ipo, ni shughuli gani zinavumilika ndani ya ukanda: majani ya tembo ya kukatia ng'ombe, mianzi, mizinga ya nyuki. Jumuiya hizo husajiliwa na Bodi ya Bonde chini ya sheria ya 2009, na kusuluhisha migogoro ya maji ni mojawapo ya kazi zake. Msigawe miembe au migomba ndani ya mita 60 kabla majibu hayajaja. Mkulima akiotesha kwa maneno yenu kisha akaambiwa ang'oe, hamtapata nafasi ya pili.

Sasa miti. Hapa afisa wako ana haki, ila hata yeye amekadiria tu. Kukadiria kwa macho kunapotosha pande zote mbili: anayetembea kwenye njia huona miche ya kando ya njia, ambayo ndiyo inayokanyagwa na kuliwa zaidi. Hesabuni upya, safari hii kwa utaratibu.

Kama mlipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja ilibeba miche 1,111. Chukueni kamba ya mita 5 na sentimita 64, chomekeni kigingi, zungukeni nayo: hiyo duara ni mita za mraba 100, na ndani yake panatarajiwa miche kama 11. Duara 30 zilizotawanywa kwa umbali sawa kando ya mto mzima zinatosha kupata picha ya kuaminika. Sehemu ya kuchomeka kigingi ipangwe ofisini kwenye ramani kabla hamjatoka, la sivyo mtu akifika atasogea kidogo kuelekea kwenye miche iliyostawi. Atafanya hivyo hata kama ni mwaminifu. Mahali ambapo ukanda ni mwembamba na duara halienei, hesabuni kila mstari wa tano unaokata ukingo kutoka majini kwenda juu.

Kila mche uandikwe kwenye mojawapo ya safu nne: hai; hai lakini kilele kimekauka; umekufa ila kijiti kipo; haupo kabisa. Mashirika mengi huandika "hai" na "imekufa" basi, na hapo hupoteza nusu ya taarifa. Kijiti kilichokauka kinaweza kuhojiwa. Shimo tupu lina maelezo mengine.

Ng'oeni vijiti vikavu kumi hivi kila kipande cha mto na mviangalie. Kijiti kikitoka kirahisi mno, kimetafunwa usawa wa ardhi na kina ganda la udongo, ni mchwa. Mizizi ikiwa imejiviringa kama chemchemi ya godoro, au plastiki ya kiriba, kile kifuko cha kuoteshea mche, bado ipo, mche ulikufa kwa mikono ya mpandaji: haukuvuliwa kiriba, au ulikaa kitaluni muda mrefu kupita kiasi. Mizizi mizuri iliyonyooka lakini mifupi, kwenye udongo mkavu wa mistari ya juu, inasema mlipanda mvua zikiwa zinaishia, au miche haikukomazwa. Kukomaza ni kupunguza kivuli na maji pole pole kwa takriban wiki nne kabla ya kupanda. Mche uliotoka kwenye kivuli cha kitalu moja kwa moja kwenye jua la ukingoni huungua. Vichomozi vilivyochanwachanwa ni mbuzi. Na kama mistari ya karibu na maji yote iko kwenye safu ya "haupo", mto wenyewe ndio uliochukua. Katika mito inayoshuka Uluguru kwa kasi, mche wa sentimita 40 uliopandwa kwenye mchanga wa ukingo wa chini wakati wa masika hauna cha kushikia.

Kwa ukingo ule wa chini msipande miche ya viriba kabisa. Tumieni vigingi vya mkuyu: matawi mabichi ya unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, yakizikwa robo tatu ya mita au zaidi, upande uliokuwa chini ubaki chini. Katikati ya vigingi wekeni majani ya tembo au nyasi za vetiva ili udongo ushikike mkuyu ukiota mizizi. Msesewe na mringaringa vikae juu zaidi, mahali maji ya mafuriko yanafika mara chache. Mikaratusi isiwepo hata kama mfadhili anapenda inavyokua haraka. Inanyonya maji mengi.

Hesabu rasmi ifanyike mara mbili: mwezi mmoja baada ya kupanda, halafu mwisho wa kiangazi, Septemba au Oktoba, kabla vuli haijaanza. Ya kwanza inaonyesha upandaji ulikuwaje, ya pili inaonyesha utunzaji. Karatasi ya hesabu isainiwe na aliyehesabu, siyo na mkurugenzi, na nakala ibaki kwake. Ongezeni picha za mahali pamoja: simikeni nondo fupi, simu iwekwe juu yake, mwelekeo ule ule, saa ile ile, kila mwezi.

Kuhusu ripoti, mkurugenzi wako ana robo ya hoja. Kuandika "miche 10,000 ilipandwa" si uongo. Uongo unaanza pale kichwa cha habari kinaposema miti 10,000, au hekta kadhaa zimerejeshwa, wakati anayeandika anajua nyingi ni vijiti. Jedwali la safu tatu linamaliza ugomvi: iliyopandwa, iliyo hai na tarehe ya hesabu, iliyopandwa tena kuziba mapengo. Chini yake aya moja ya sababu, kwa kila kipande cha mto. Mpelekeeni mfadhili taarifa hiyo kwa barua kabla ya siku ya ripoti, pamoja na ombi la kuhamisha fedha: msimu ujao miche 3,000 badala ya 10,000, na tofauti ilipe watunzaji. Idhini ya kuhamisha ije kwa maandishi kabla hamjatumia hata shilingi. Wafadhili wengi wamekwisha ona miti ikifa. Kinachowakasirisha ni kugundua wenyewe walipokuja kutembea.

Mtunzaji awe mwenye shamba linalopakana na kipande chake. Mlipeni kwa awamu tatu: sehemu ndogo baada ya kupanda, kubwa zaidi mwisho wa kiangazi cha kwanza kwa kila mche ulio hai, na iliyobaki mwisho wa kiangazi cha pili. Mkilipa yote siku ya kupanda mtapata mashimo mazuri na miche mifu. Kuna mtu ataziba pengo kwa mche wa mkuyu aliouokota porini ili ahesabiwe. Mwacheni! Mto haujali mche umetoka wapi.

Sasa lile salio la mafunzo. Lipeleke kwenye kuwafundisha maafisa uwanda na vijana kupima mto, kwa sababu nyinyi mnahifadhi mto na katika barua yako nzima hakuna palipotajwa maji. Kupima ni ufundi ambao mtu anaumiliki, unaingia kwenye wasifu wake wa kazi, na matokeo yake wakulima wanayataka kweli. Mwenye bustani hashughulishwi na idadi ya miche yenu, ila kiangazi anataka sana kujua maji yamepungua kiasi gani na yanaishia wapi.

Wingi wa maji hupimwa kwa chungwa. Chagueni kipande kilichonyooka, kisicho na mawe makubwa, pimeni mita 10 ukingoni na mfunge kamba mbili zinazokatiza. Pimeni upana, na kina kila nusu mita, mpate wastani. Dondosheni chungwa mita chache juu ya kamba ya kwanza ili lishike kasi ya maji, mpime sekunde hadi kamba ya pili. Katikati, kushoto, kulia, mara tatu kila upande. Chungwa ni bora kuliko chupa tupu kwa sababu limezama karibu lote na upepo haulisukumi. Tuseme upana ni mita 3, kina cha wastani sentimita 30, na chungwa linachukua sekunde 25. Eneo ni mita za mraba 0.9, kasi ya maji ya juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo zidisheni na 0.85: mnapata meta za ujazo 0.306, yaani lita 306 kwa sekunde. Kwenye kijito cha mawe na kina kifupi watu hutumia kizidishi cha chini zaidi, kama 0.65, na hapo jibu linashuka hadi lita 234. Mto ni ule ule, siku ni ile ile! Ndiyo maana kizidishi kiandikwe kwenye daftari na kisibadilishwe kila anapokuja mtu mpya, la sivyo mtatangaza ukame ulioletwa na kikokotoo.

Ubora wa maji mwaweza kuusoma kwa wadudu. Njia nyepesi ni miniSASS ya Afrika Kusini; Tanzania tunao mfumo wetu mpana zaidi, TARISS, unaohitaji mtu aliyefundishwa hasa. Kwa miniSASS mnatikisa mawe na majani kwa dakika kama tano mbele ya wavu, mnamwaga kwenye trei nyeupe, mnatambua makundi 13. Ruba na minyoo wana alama 2, kaa 6, mabuu wa kereng'ende 6, na yule mdudu mwenye mikia miwili anayeng'ang'ania chini ya mawe kwenye maji baridi ya kasi ana 17. Mnajumlisha alama za makundi mliyoyaona na kugawa kwa idadi ya makundi, si ya wadudu; wastani ukiwa juu, maji ni safi zaidi. Ruba mia ni kundi moja. Msipime mara baada ya mafuriko. Wadudu wanakuwa wamesombwa na mtafikiri mto umekufa.

Chagueni vituo vitatu tu: juu ya nyumba za mwisho, katikati ya bustani, chini ya mji. Vituo vitatu vinavyopimwa kila mwezi vina faida kuliko kumi vilivyopimwa mara moja wakati wa uzinduzi. Mkitaka kupima vijidudu vya kinyesi, tumieni chupa za maabara, mdomo wa chupa uelekee maji yanakotoka, chupa iwekwe kwenye boksi la barafu gizani, ifike maabara ndani ya saa 6. Chupa iliyolala kwenye buti ya gari hadi kesho yake haipimi mto tena.

Wanaoingia majini walindwe. Mabuti ya mpira yakiingiwa na maji hayazuii kichocho, na vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi jua likiwa juu, karibu saa nne hadi saa nane mchana. Pimeni asubuhi mapema, mjikaushe mara mkitoka, na kila anayeingia majini apimwe hospitali angalau mara moja kwa mwaka, kwa gharama ya shirika. Hakuna kuingia peke yako, wala kuvuka maji yaliyopita goti. Msimu wa mvua mtu mmoja abaki ukingoni akitazama mlimani: mvua ikinyesha huko juu, maji huja mjini kukiwa na jua.

Vijana wa "kujitolea" ni jambo la kushughulikia haraka, na hapa mkurugenzi asome mwenyewe. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 kinachukulia mtu kuwa mwajiriwa kama hata sababu moja tu iliyoorodheshwa ipo: anapangiwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, amefanya kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anapewa vifaa. Vijana wako wanatimiza zote. Njia ni mbili. Ama wapewe mikataba ya maandishi, waandikishwe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri asimkate mfanyakazi zaidi ya 10, na mjisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa kuwa hao ndio wanaoteleza kwenye mawe. Ama wawe wa kujitolea kweli: siku moja au mbili kwa wiki, nauli na chakula tu, bila zamu ya lazima. Kama fedha hazitoshi sita, ajirini wawili kihalali kuliko kubaki na sita ambao mmoja wao akivunjika mguu shirika linafungwa.

Kuhusu Juni, waiteni wote mapema na mseme kilichopo: fedha za nani zinaisha lini, maombi gani yamepelekwa, majibu yanatarajiwa lini, na nani atabaki kama hayakuja. Hata jibu baya lenye tarehe linamsaidia mtu kupanga kodi ya nyumba. Katika andiko lijalo mishahara ya maafisa uwanda iwekwe kama gharama ya utekelezaji, miezi 12, siyo kufichwa kwenye fungu la "usimamizi" linalokatwa kwanza.

Na huyo kijana aende kwenye usaili. Usimzuie, wala usimwahidi nyongeza usiyoweza kuilipa Julai. Mwambie mambo mawili kabla hajaenda: kwamba saini yake haitaombwa tena kwenye namba asiyoihesabu, na kwamba hatapanda tena gari la ukaguzi. Huenda hayo yakambakisha, huenda yasimbakishe. Akipata kazi huko, mwombe wiki mbili za makabidhiano na azitumie akitembea mtoni na mwenzake, si kuandika ripoti ofisini. Akabidhi madaftari ya uwandani, ramani ya vipande vilivyopandwa na tarehe zake, mahali nondo za picha ziliposimikwa, simu za wenyeviti wa mitaa, funguo za kitalu. Na amtambulishe mwenzake kwa kila mtunzaji, ana kwa ana, akianzia vipande vya juu mlimani, ambako mtu mgeni hapokelewi bila kuletwa na anayefahamika.